Je, Imempasa Mwanafunzi Kumfundisha Mshindani Wake?

Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo vijana wengi hulijibu kwa matendo kabla ya kuliuliza kwa maneno. Swali lenyewe ndilo hili: Mtu ajitayarishaye kwa mtihani, naye ana maarifa ambayo mwenzake hana, je, imempasa kumpa mwenzake maarifa hayo, hali ajua ya kuwa huyo mwenzake aweza kumshinda na kukipata kiti kile anachokitamani yeye mwenyewe? Walimu walijua swali hili, na wazazi pia. Wala jibu lake si jepesi kama wengi wadhanivyo.

Neno la maadili likielea hewani halishikiki. Basi na tulitazame mahali pamoja. Twende Pemba. Huenda msomaji wa Usambara au wa Bukoba akauliza, Pemba yatuhusu nini? Yatuhusu, maana vijana wa kisiwa kile wamalizapo kidato cha sita hukalia mtihani uleule waukaliao watoto wetu wa bara, utungwao na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililowekwa kwa sheria mwaka 1973. Kwa kawaida mtihani huwa mwezi wa Mei, na matokeo hutoka Julai. Kwa kijana atokaye moja kwa moja shuleni, huo ndio mlango wa chuo kikuu. Alama ya A huhesabiwa nukta tano, na ya E nukta moja. Naye atakaye kuingia chuo hutakiwa afaulu masomo mawili ya msingi, yenye jumla ya nukta nne kwa uchache. Lakini atakaye kusomea udaktari hana budi kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Na kwa kuwa viti vya udaktari ni vichache na wavitakao ni wengi, nukta moja yaweza kuigeuza njia ya maisha ya mtu.

Sasa tuseme wako vijana wawili katika kambi ya masomo karibu na Wete. Mmoja ana jamaa huko Unguja, aliyempelekea kwa meli kitabu chenye mitihani ya miaka iliyopita, pamoja na majibu yaliyoelezwa hatua kwa hatua. Mwingine ni mtoto wa mchuma karafuu, ana daftari lake na bidii yake tu. Kweli, siku hizi maswali ya zamani hupatikana hata katika simu. Lakini maelezo mazuri ya majibu ni kitu adimu. Usiku umekwenda, taa ingali inawaka, na yule wa pili anahangaika na hesabu moja ya Kemia, anaandika na kufuta, anaandika na kufuta. Maelezo ya hesabu ile yamo katika kitabu, nacho kitabu ki chini ya mto wa mwenzake. Afanyeje huyu mwenye kitabu?

Kwanza tutenge jambo moja lisituchanganye. Hatusemi habari ya kumnong'onezea mtu ndani ya chumba cha mtihani. Huo ni udanganyifu, na ubaya wake wajulikana: cheti husema mtu anajua, naye hajui, na mgonjwa atakayekitegemea cheti hicho amekwisha kudanganywa kabla hajaugua. Lakini amfundishaye mwenzake kambini hamdanganyi mtu awaye yote. Mwenzake akijua, anajua kweli. Kwa hiyo tendo hilo si haramu. Tunalouliza ni kama ni wajibu.

Mwenye kitabu ana hoja zake, nasi tuzisikilize kwa haki. Asema: “Kitabu ni changu. Viti vimehesabiwa. Sikumzuia mtu kusoma; kila mmoja na asome kwa nguvu zake. Kukaa kimya si kumdhulumu mtu.”

Wapemba wana jambo katika historia yao litakalotusaidia kuipima hoja hii. Mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikaing'oa mikarafuu kwa wingi, na Pemba ikapona kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotangulia katika zao la karafuu. Msiba wa Unguja ukawa faida ya Pemba. Je, Wapemba walitenda dhambi? La, maana si wao walioileta tufani. Lakini lau Mpemba mmoja angalivuka usiku na shoka, akaikata mikarafuu ya Unguja ili ya kwake ipate bei, sote tungalimwita mwovu. Basi tufani haina hatia, na shoka lina hatia. Mwenye kuficha kitabu yu wapi kati ya hayo mawili?

Yeye hakushika shoka. Hilo ni kweli. Lakini hawezi kusema kwamba ni kama tufani tu, kwa kuwa yeye anaona, naye anaweza. Tena huko Pemba liko jambo la kila mwaka linalofanana na hili. Karafuu zikiisha kuchumwa na kuchambuliwa, huanikwa juani juu ya majamvi. Mvua ikitanda ghafula, na mwenye karafuu yuko shambani, jirani afanyaje? Hukimbia akazianua. Haketi kizingitini akiwaza ya kuwa hakuileta mvua yeye. Naye jirani aliyeketi akatazama karafuu za mwenziwe zikilowa, hali mikono yake ni mizima, watu hawamhesabu kuwa hana hatia kwa sababu hakufanya neno. Kutofanya neno ndiko kosa lake.

Lakini hapa mtu mwenye akili atatupinga, akisema: “Kuanua majamvi hakunigharimu kitu ila dakika chache. Kumfundisha mshindani wangu kwaweza kunigharimu kiti. Hayo si mamoja.” Ni kweli, si mamoja, wala tusiifiche tofauti hiyo. Walimu wengi huijibu hoja hii kwa kusema kwamba amfundishaye mwenzake hujifunza mara mbili, hivyo hapotezi kitu. Nalo neno hilo lina ukweli, maana aelezaye hesabu kwa sauti huyaona makosa yake mwenyewe. Walakini tusiujenge wajibu wetu juu yake. Wema ukisimama juu ya faida, utaanguka siku faida itakapokoma. Yatupasa tukubali kwamba yawezekana kijana akamfundisha mwenzake, na mwenzake akapata kiti, naye akakikosa.

Basi tuulize, kiti hicho ni cha nini? Mwenye kitabu akitaja kama tuzo ya mbio: atanguliaye hulichukua kombe, akaliweka nyumbani kwake. Lakini kiti cha udaktari hakikuwekwa kwa ajili ya yule akikaliaye. Kimewekwa kwa ajili ya mama atakayejifungua usiku, na mtoto mwenye homa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya nusu milioni katika Pemba. Tangu mwaka 1964 waganga kutoka China wamekuwa wakija kutibu Zanzibar, zamu kwa zamu, na Pemba imo. Ni msaada wa kushukuriwa. Lakini mgeni akiisha zamu yake hurudi kwao, na kisiwa chahitaji waganga waliozaliwa humo, wajuao namna mama wa Micheweni anavyoyaeleza maumivu yake. Kwa mama huyo, haidhuru ni yupi kati ya vijana wawili aliyekipata kiti. Linalomhusu ni kwamba aliyekipata awe anajua. Ikiwa mwenzako, kwa kufundishwa nawe, amekuwa bora kuliko wewe, basi kiti kimefika mahali pake.

Tena liko jambo la pili, nalo naliona kuwa zito kuliko la kwanza. Twadhani kijana akijitayarisha kwa mtihani anakusanya Kemia na Fizikia tu. La, ndugu. Katika miezi ile anajizoeza pia namna ya kumtazama mtu mwenye shida. Kila usiku amwonapo mwenzake akihangaika, naye akafurahi kwa siri ya kuwa mmoja amepungua, anajifunza somo ambalo Baraza la Mitihani halilitahini. Tabia haingojei cheti ndipo ianze. Aliyezoea miaka miwili kuona shida ya jirani kuwa faida yake, je, akivaa koti jeupe ataiona vingine shida ya mgonjwa?

Nchi yetu iliwahi kujaribu kulipima jambo hili. Kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuweza kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwanza afanye kazi, na kushuhudiwa na wale aliofanya kazi kati yao. Waliotunga shauri lile waliona ya kuwa alama peke yake haimwelezi mtu. Mpango huo haukudumu, wala si kazi yangu leo kuuhukumu. Lakini yaelekea ulikutana na ugumu huu, kwamba moyo wa mtu haupimiki kwa barua ya mkubwa wake. Basi alama ndizo zimebaki. Na lile ambalo karatasi haiwezi kumwuliza kijana, imempasa kujiuliza mwenyewe.

Je, wajibu huo una mpaka? Naam, unao. Haimpasi mtu kuacha masomo yake kabisa ili asome mwenzake. Haimpasi kumbeba mvivu atakaye kulala mchana na kupewa majibu usiku. Huyo hakuomba maarifa, ameomba mgongo wa mtu. Wala haimpasi kutoa usingizi wake wote. Lakini kitabu, mwenyewe anapolala, hakina kazi. Na kimwangazie mwenzake. Saa moja jioni ya kueleza jambo lililomshinda mwingine haimwangushi mtu. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naye mpokeaji ana deni, la kumpa wa tatu kile alichopewa.

Sasa tuje mwezi wa Julai. Tuseme matokeo yametoka, na mwenye kitabu, aliyekitoa chini ya mto wake, amekosa nukta moja, na mwenzake ameitwa chuoni. Tumwambie nini? Tusimwambie kwamba hakupoteza kitu. Amepoteza, na machozi yake ni ya haki. Tusimwahidi kwamba italipwa kesho. Hatuna mamlaka ya kuahidi hivyo. Njia nyingine zipo, maana aweza kurudia mtihani kwa kujitegemea, au kusomea kazi nyingine. Lakini zile hazimrudishii ile aliyoitaka. Twaweza kumwambia neno moja tu ambalo ni kweli: kwamba usiku ule, mvua ilipotanda, alikimbilia majamvi ya jirani yake, na karafuu hazikulowa. Hilo hakuna matokeo yawezayo kulifuta.

Nanyi wazazi, na ninyi mnaofundisha watoto katika mitaa yetu, mtoto arudipo kutoka kambini, mmezoea kumwuliza, “Umepata alama ngapi?” Ni swali jema, mwulizeni. Kisha mwulizeni na la pili: “Ulisoma pamoja na nani?” Atakapoona ya kuwa mwalingojea jibu la pili kwa hamu sawasawa na la kwanza, atajua mwamtayarisha kwa mtihani upi.