JE, UKIMPENDA MAMA WA KAMBO UMEMSALITI MAMA YAKO?

Rafiki kijana,

Usiitupe karatasi hii! Huenda inakuhusu wewe, au yule mwenzako wa kijiweni ambaye siku hizi hataki kurudi kwao mpaka usiku.

Mama alifariki. Watu wakalia, wakazika, matanga yakaanuliwa. Kisha siku moja mzee akaleta mwanamke mjane pamoja na watoto wake. Sasa unagawana kitanda na mtu usiyemjua, na mgeni anakunywa chai kwa kikombe cha bi mkubwa. Unaambiwa, "Huyu ndiye mama yenu." Moyoni unajibu, "HAPANA! Mama yangu yuko kaburini."

Hebu jiulize: nani ana haki hapo? Wewe, au mzee?

WOTE WAWILI MNA HAKI

Mzee alifiwa na mke. Kifo kilimaliza ndoa ile, na hata Biblia inamruhusu mjane kuolewa tena (1 Wakorintho 7:39). Wewe ulifiwa na mama, na kifo hakimalizi umwana. Mke mwingine hupatikana. Mama aliyekuzaa hapatikani tena. Ugomvi huanza mzee anapodhani kwamba siku aliyopata mke, na wewe umepata mama. Tena huanza wewe unapodhani kwamba kwa sababu huwezi kupata mama mwingine, basi na yeye asipate mke.

"Lakini nikimpenda huyu, si nitakuwa nimemsahau mama?"

Hivi, mama yako alipomzaa mdogo wako, alikunyang'anya wewe upendo ili ampe yeye? Hata kidogo! Na ukimnunia mama wa kambo miaka kumi, marehemu atafaidika nini?

TAZAMA MFANO HUU

Umewahi kusikia habari za Abraham Lincoln, aliyekuwa Rais wa Marekani. Mama yake mzazi, Nancy, alifariki mwaka 1818, Abraham akiwa na miaka 9. Mwaka uliofuata baba yake alimwoa mjane, Sarah, mwenye watoto watatu. Wote wakabanana katika kibanda cha magogo huko Indiana. Sarah hakuwa na elimu, lakini alimtetea kijana huyo asome vitabu vyake. Mwaka 1851, ndugu yake wa kambo alipotaka kuuza ardhi ya mama huyo, Lincoln alimwandikia barua ya kumpinga. Mwaka 1861, kabla ya kwenda kuapishwa, alisafiri kwanza kumwaga. Je, Nancy alikoma kuwa mama yake? La! Lincoln alikuwa na mama wawili wa kuwaheshimu.

NAWE UFANYE NINI?

Kama ulimi unakataa kumwita "mama", mwite kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, lakini kwa heshima. Mpe shikamoo yake. Akipika, sema asante. Na wale watoto wake usiwabague: hawakuomba kuja kwenu, nao wana baba aliyezikwa.

Mzee naye, kama karatasi hii itamfikia: usiondoe picha ya marehemu ukutani, wala usimlazimishe mtoto kupenda kwa amri. Mpe muda.

Lakini kama unapigwa ovyo au unanyimwa chakula, huo ni uonevu. Usinyamaze! Mwambie shangazi, mjomba au mwalimu.

Rafiki, jioni hii utarudi nyumbani. Kama una uchungu, mweleze Mungu wazi wazi, bila kupamba maneno. Yeye anawajua waliofiwa. Kisha ingia ndani, umsalimie yule mama. Salamu hiyo haitamtoa mama yako moyoni mwako.

USINGOJE KESHO!