Aliyekutwa Pale

Kabla ya mwaka 1902 mpaka ulikuwa mbali mashariki, karibu na Naivasha, nasi Wateso wa Amagoro tulihesabiwa Uganda pamoja na ndugu zetu wa Tororo. Ukasogezwa, tukaamkia nchi nyingine, Kenya ya leo. Mwaka 1997 Busia ya ng'ambo, Uganda, ikamegwa kutoka Tororo, ikawa wilaya. Ya huku ikawa kaunti 2013. Kila mpaka mpya huleta masimulizi mapya, na kila masimulizi yana mwenyeji wake wa kwanza. Pale Tororo, Wateso na Wapadhola wamevutania mji miaka mingi, na wazee wa pande zote mbili wanasimulia kwa moyo safi.

Je, mji ukisimuliwa upya mara nyingi hivi, bado ni ule ule?

Mpwa wangu anacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu na hadithi. Humo mna mji wa kubuni, Waterdeep. Toleo la mwaka 2008 liliusogeza ulimwengu wa mji huo mbele karibu miaka mia moja, baada ya balaa la uchawi, na wachezaji wengi wakabaki na miaka ya zamani. "Mjomba, kampuni ya mchezo ikisema, ndiyo kweli," aliniambia. Yeye mwenyewe anacheza ya zamani.

Mji wa kubuni una mwenyewe wa kukata shauri. Tororo haina. Mimi ni mtu wa imani, nasadiki kwamba Mungu anajua yote yaliyotokea chini ya mwamba wa Tororo. Lakini ujuzi wake si hati ya kunimilikisha mimi. Unanizuia kuufunga mjadala.

Kilwa ndiyo iliyonifungua macho. Historia yake imetufikia kwa njia mbili: kitabu cha Kiarabu, na maandishi ya Mreno João de Barros yaliyochapwa mwaka 1552. Cha Kiarabu kinasema walitoka Shiraz baba na wanawe sita, kwa majahazi saba. Barros anamtaja Ali, mmoja wa wana saba, ambaye mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi. Hazipatani hata katika nani alipanda chombo. Ila zote mbili zinasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Na kununua kunamtaka muuzaji: kulikuwa na mtu pale. Hilo waandishi wote wawili walilihifadhi, ingawa walikuwa wakiwasifu wageni.

Kwangu huo ndio uzi wa mji. Majina na miaka vibadilike. Aliyekutwa akifutwa, huo ni mji mwingine uliovikwa jina la zamani. Ndiyo maana mzee anaposimulia namsubiri afike hapo, na wengi hawafiki.

Wateso wa huku tunapenda kuanzia siku tuliyotua. Wabukusu huanzia nyuma zaidi, kwenye vita tulivyopigana nao kwa ajili ya ardhi hii. Nataka watoto wa Amagoro wafundishwe masimulizi yote mawili, na waanze na ya Wabukusu.