Choo cha Mtu na Haki ya Jirani

Choo ni mahali pa sitara. Mtu huingia humo peke yake, hufunga mlango, na adabu humtaka kila aliye nje apite bila ya kuuliza. Lugha yenyewe husaidia kumsitiri: husemwa kwamba amekwenda haja, au yu msalani, na maneno huishia hapo. Kwa sababu hiyo watu wamezoea kufikiri kwamba choo ni jambo la nyumba, kama kitanda na jiko, na kwamba asiye na choo kizuri ana aibu ya nyumba yake tu. Lakini kinachoachwa chooni hakikubali kukaa katika mipaka ya sitara. Huzama ardhini, huchukuliwa na maji, hubebwa na nzi, na mwisho hufika katika chakula cha mtu mwingine ambaye hakuulizwa wala hakualikwa. Basi liko swali ambalo wataalamu wa mipango ya miji hulijibu kwa hesabu za mabomba, lakini asili yake ni swali la adili: uchafu wa maskini ni mzigo wa nani?

Swali hili lina sura iliyo wazi sana katika Mwanza. Mji huo, ambao Wajerumani waliufanya boma mwaka 1892, umekaa juu ya majabali kando ya Ziwa Victoria, ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wilaya mbili za mji, Nyamagana na Ilemela, zina watu zaidi ya milioni 1. Nyakato iko katika Ilemela, upande wa mashariki, kwenye njia ya Musoma; ni mahali pa viwanda, masoko, gereji na nyumba za kupanga. Maji ya kunywa ya mji hutoka ziwani, na maji ya mvua yanayoosha vilima hurudi ziwani. Ziwa moja limefanywa mtungi na jaa kwa wakati mmoja.

Choo cha shimo ni chombo cha busara mahali penye udongo mzuri na nafasi. Maji hunywewa na ardhi, vilivyobaki huoza polepole, na shimo likijaa mwenyewe hulifukia akachimba jingine kando. Katika shamba la mtu mwenye ekari mbili desturi hii haina lawama. Mjini mambo matatu huivunja. La kwanza ni mwamba: mchimbaji hukutana na jiwe kabla shimo halijamfika kiunoni, na shimo fupi hujaa upesi. La pili ni nafasi: kiwanja kilichobeba nyumba ya vyumba sita, kila chumba na jamaa yake, hakina mahali pa shimo la pili. La tatu ni njia: gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda uchochoro ambao hata mkokoteni huupita kwa taabu. Basi shimo hujaa, masika hufika, na mwenye shimo hulitoboa ubavuni usiku wa mvua ili maji yachukue kilichomo. Tendo hilo huitwa kutapisha choo. Kwa mwenye choo ni nafuu isiyo na gharama. Kwa anayekaa chini ya mteremko ni maradhi yaliyoletwa mlangoni.

Je, atapishaye choo ni mtu mwovu? Ni rahisi kumhukumu kwa aliye na bomba la majitaka nyumbani. Wanafalsafa, Kant akiwa mmoja wao, wameshika kwamba mtu hawezi kuwajibishwa kufanya lisilowezekana. Kwa kanuni hii mpanda mlima ana udhuru: mwamba haukuchimbika, gari halikufika, na fedha ya kulilipa ni chakula cha watoto. Lakini udhuru huo hauwezi kumaliza shauri, maana aliyeko bondeni naye ni maskini, na hakumkosea mtu. Akiugua mtoto wake, haitamponya habari kwamba aliyemdhuru alikuwa na shida. Hapa mizani ya insafu ina pande mbili zenye haki, na hakimu wa kweli hutazama mtu wa tatu asiyekuwapo mbele ya mizani. Mtu huyo ni mji wenyewe. Mji ulipokea kazi ya mkono wa mpanda mlima katika viwanda vyake na masoko yake, ukachukua ushuru wake, lakini haukumwachia njia njema ya kuondoa taka yake. Kosa la usiku wa mvua lina mkono mmoja na sababu nyingi. Lawama yake lazima igawanywe kadiri ya uwezo wa kila mmoja wa kulizuia.

Wako wanaosema kwamba mzizi wa taabu hii ni ujinga, na kwamba dawa yake ni mafundisho. Historia ya Tanzania huwajibu kwa upole. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya afya, na vyoo vingi vilichimbwa vijijini kwa nguvu za wananchi wenyewe. Mwaka 2017 ilizinduliwa kampeni nyingine, Nyumba ni Choo, yenye wito wa namna hiyo hiyo. Mafundisho haya yalikuwa mema, na watu waliyapokea. Lakini somo haliwezi kulainisha jiwe, wala haliwezi kuongeza upana wa kiwanja. Tena mjini wengi wa watumiaji wa choo ni wapangaji. Mpangaji anajua thamani ya choo safi kama ajuavyo bwana afya, ila choo si chake, na fedha atakayoitia katika shimo la mwenye nyumba itabaki hapo siku atakapohama. Mwenye nyumba naye hupokea kodi ile ile, choo kiwe kizima au kibovu, maana vyumba ni vichache na wanaovitaka ni wengi. Maarifa yapo kwa mmoja, amri iko kwa mwingine, na uchafu unabaki kati yao.

Wengine husema kwamba kila mtu abebe mzigo wake, na asiyeweza kulipa asidai. Mji wa London ulipata kuishi kwa fikira hiyo. Mwaka 1854 mganga John Snow alionyesha kwamba kipindupindu cha mtaa wa Soho kilitoka katika pampu moja ya maji, lakini kazi kubwa ya kujenga mifereji ya majitaka haikupata fedha mpaka kiangazi cha mwaka 1858, uvundo wa mto Thames ulipoingia katika madirisha ya Bunge. Maradhi ya maskini hayakutosha kuwashawishi wakubwa. Pua zao wenyewe ziliwashawishi. Na kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kilishika hasa upande wa mashariki wa London, makao ya wafanyakazi, ambako mifereji mipya ilikuwa haijakamilika. Tanzania nayo ilipata fundisho lake. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi, Mwanza ikiwamo, na kabla mlipuko huo haujaisha wagonjwa walikuwa wamepita 20,000. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Lakini hofu ni mwalimu mbaya wa adili. Mji unaosafisha vilima kwa kuogopa maradhi utaacha kazi siku maradhi yatakapotulia; mji unaosafisha kwa sababu ni haki hautangoja jeneza limwite.

Nyakato yenyewe ina kumbukumbu inayofaa kuchunguzwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mpango wa viwanja vyenye huduma na wa kuboresha makazi yaliyojengwa bila ya mpango. Sehemu ya kwanza, ya miaka 1974 hadi 1977, ilihusu Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, na Nyakato ilikuwa mahali pa viwanja vipya vya Mwanza. Ardhi ilipimwa, barabara zikachorwa na huduma za msingi zikatangulia. Nyumba na choo mtu alijijengea mwenyewe. Wataalamu wa uchumi waliochunguza mpango huo katika miji saba, na kutoa matokeo yao mwaka 2021, walikuta kwamba baada ya miongo mingi mitaa iliyopimwa kabla ya watu kuingia ina nyumba kubwa zaidi, zilizopangika, na zenye paa bora kuliko sehemu za jirani zisizopimwa. Mitaa iliyoboreshwa baada ya watu kujaa haikuonyesha ubora wa namna hiyo, na huduma zake nyingi zilichakaa.

Mambo mawili hufuata, na yote mawili yanahusu adili pamoja na ufundi. Kwanza, mstari wa mpimaji uliochorwa mapema ni sadaka inayodumu, maana njia iliyoachwa wazi leo ndiyo njia ya gari la majitaka na bomba la kesho. Kizazi kinachokataa kuiacha njia hiyo kinakopa kwa jina la wajukuu wake. Pili, viwanja vizuri huvuta wenye mali na elimu, na sehemu ya ubora ulioonekana imetoka kwao. Maskini aliyekosa kiwanja hakutoweka, alipanda mlima. Kwa hiyo mpango unaowatangulia watu hauwezi kuwa udhuru wa kuwasahau waliokwisha kufika. Na kuchakaa kwa mitaa iliyoboreshwa hakukanushi haki ya wakazi wake. Kunaonyesha kwamba waliojenga walihesabu siku ya uzinduzi, hawakuihesabu miaka ya matunzo. Neno endelevu, linalotajwa mara nyingi katika mipango ya siku hizi, halina maana nyingine iliyo wazi kuliko hii: choo kinachofaa siku ya kwanza kiwe kinafaa siku ya elfu, na ajulikane nani atakayekitunza, kwa fedha gani, na kwa amri ya nani.

Kwa makazi ya vilimani njia imeonekana. Katika Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa mji wa Natal walijenga mabomba membamba ya majitaka yaliyopita katika viwanja vya watu, kina chake kikiwa kifupi, na wakazi wakakubaliana wapi yapite na nani ayalinde. Karachi katika Pakistan, kuanzia mwaka 1980, Akhtar Hameed Khan aliwaongoza watu wa Orangi kujenga mifereji ya vichochoro vyao kwa fedha zao wenyewe, kichochoro kwa kichochoro, serikali ikidaiwa mfereji mkuu. Mwanza nayo, kwa kazi ya Mamlaka ya Maji, imejenga mabomba ya namna hiyo katika makazi ya vilimani kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa. Mteremko uliokuwa adui umefanywa mtumishi, kwani maji hushuka yenyewe bila ya kusukumwa. Hata mwamba haukosi nafasi, maana bomba fupi laweza kupita juu yake au ubavuni mwake, mahali ambapo shimo refu lisingechimbika.

Katika mifano hii mzigo umegawanywa. Jirani anadaiwa kutotupa matambara katika bomba linalopita kwa mwenzake, na kulipa ada anayoiweza. Mwenye nyumba anadaiwa choo kama anavyodaiwa paa. Mji unadaiwa bomba kuu, mabwawa ya kusafishia na mafundi, vitu ambavyo hakuna kichochoro kinachoweza kuvinunua. Hatari ipo ya kulisifu jasho la maskini mpaka wakubwa wakapata kisingizio cha kukaa. Watu wa mjini kati hawakuulizwa kama watachimba mfereji wao kwa mikono. Walikuta bomba likiwangoja. Ushirika wa kweli hupimwa kwa usawa wa mzigo, na maskini asifanywe mshiriki wa kazi peke yake huku uamuzi ukiwa wa wengine.

Pale ambapo bomba halijafika, yupo mtu mwingine anayesahauliwa. Ni yule anayeingia shimoni usiku kwa ndoo na koleo kuondoa kilichojaa. Katika Dar es Salaam watu wa kazi hiyo wamepata kuitwa vyura. Jina hilo lina dhihaka, na dhihaka hiyo ina siri yake: watu humcheka anayegusa walichokitoa wao. Hupata jeraha, maradhi na ujira mdogo, kisha hunyimwa heshima na majirani wale wale aliowaokoa. Hakuna mpango wa usafi unaostahili jina lake ambao huusafisha mtaa kwa kumchafua mtu mmoja. Pampu ya mkono, mavazi ya kinga, mahali halali pa kumwaga na ujira uliopangwa ni vitu vya gharama ndogo, tena ni kipimo cha utu wa mji.

Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji safi na usafi wa vyoo ni haki ya binadamu. Tamko hilo halikuchimba hata shimo moja, lakini liliweka swali mahali pake. Choo cha maskini kikiwa fadhila, anayekikosa huomba; kikiwa haki, anayekikosa hudai, na anayedaiwa lazima ajulikane kwa jina na cheo. Katika Mwanza wadaiwa hawako mbali. Wamo katika ofisi za mji, katika nyumba za kupangisha, na katika kila ua ambao maji yake hushuka kwenda kwenye ua mwingine. Ziwa liko chini ya wote. Lina habari za kila kilima, na kila asubuhi, katika mtungi wa maji ya kunywa, huwarudishia wenyewe.