Je, Yafaa Mwalimu Ajiwekee Shabaha?

Katika mabaraza ya waalimu husikika maneno ya namna mbili. Wazee husema ya kuwa mwalimu ahesabuye vyeo huwasahau watoto. Kazi yake ni kufundisha, na mengine yatakuja yenyewe. Vijana nao hujibu kwamba mtu asiyejua aendako hawezi kumwongoza mwenzake. Maneno haya yote mawili yana kweli ndani yake, basi yatupasa kuyapima.

Kwanza tumtazame mwalimu asiye na shabaha. Daftari aliloliandika mwaka wake wa kwanza ndilo afundishialo hata leo, na karatasi zake zimekwisha kugeuka rangi. Watoto huja na kupita kama maji ya mto, naye yu pale pale kama jiwe. Watu humsifu kwa unyenyekevu, lakini sisi twaona ya kuwa huo si unyenyekevu, ni usingizi. Aliyeacha kujifunza hana kipya cha kuwagawia wengine.

Kisha tumtazame mwenzake atakaye cheo. Huyu huwaandikia watoto mistari kumi ubaoni wainakili, naye huketi mezani akisoma kitabu cha mtihani wake mwenyewe. Akifaulu atahamia mjini, na wale watoto watabaki hawajui kugawanya hesabu. Bidii anayo, tena nyingi. Ila ameilipia kwa saa zisizo zake.

Twamkumbuka James Aggrey, mzaliwa wa Anomabu katika Gold Coast, nchi iitwayo Ghana siku hizi. Mwaka 1898, alipokuwa kijana wa miaka 22, alisafiri kwenda Marekani kusoma katika chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, North Carolina. Alipohitimu mwaka 1902 alibaki chuoni hapo akifundisha karibu miaka 20. Wakati wa likizo alikwenda New York kusoma zaidi katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1924 alifika kwetu Afrika ya Mashariki pamoja na tume iliyotazama hali ya elimu, tena akarudi kwao kusaidia kuanzisha chuo cha Achimota. Mwaka 1927 alikuwa New York tena, akiandika kazi yake ya kupatia shahada ya udaktari. Akashikwa na ugonjwa akafa, hali kazi ile haijaisha.

Je, tuseme shabaha yake ilipotea bure? La. Shahada hakuipata, lakini yale aliyojifunza njiani alikuwa amekwisha kuwagawia wanafunzi. Mmoja wa vijana waliovutwa naye ni Kwame Nkrumah, ambaye wakati ule alikuwa akisomea ualimu, na mwaka 1957 akaiongoza nchi yake kupata uhuru.

Hapa twapata kipimo. Mwalimu na ajiulize: Ni nani alipaye gharama ya safari yangu? Akilipa mwenyewe kwa usingizi wake, na likizo yake, na mafuta ya taa yake, shabaha hiyo ni halali. Wakilipa watoto, ni wizi, ijapokuwa hakuna askari wa kuukamata. Tena ajiulize: Nisipopewa cheo, je, darasa langu litakuwa limefaidi kitu?

Cheo ki mikononi mwa wengine, bali kujifunza ni juu yetu wenyewe. Kwa hiyo ni heri kuanza na madogo: muhula huu kila mtoto wa darasa la pili asome ukurasa mmoja pasipo kusaidiwa; mwaka huu mwalimu naye aielewe ile sehemu ya hesabu aiogopayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wengine watasema kwamba mwalimu ana watoto wa kulisha, na kutaka mshahara mkubwa zaidi si kosa. Ni kweli, wala hatumlaumu. Lakini neno hili lawagusa ninyi wazazi pia. Kijiji kimwachacho mwalimu alale katika nyumba inayovuja, kisha kikanung'unika akihamia mjini, kimesaidia kumfukuza. Mpeni nyumba njema na shamba, mpeni na utulivu wa kusoma jioni. Ndipo mtakapoweza kumdai saa za watoto wenu kwa haki.