Zulia la Wakfu Lililokatwa

Simiyu ni mkoa wa pamba na wa mvua za kubahatisha, ambako maji huombewa dua. Labda ndiyo maana paa la msikiti likivuja hutukuta hatujajiandaa. Miezi ya kiangazi jua la Bariadi hukausha raba za misumari ya bati mpaka zikapasuka, na hakuna anayejua hadi mvua za kwanza zinyeshe. Zulia limelowa, sponji ya chini imenyonya maji, na ili sakafu ikauke inabidi zulia libanduliwe, pengine likatwe kabisa. Maji yakishakauka linabaki swali ambalo kamati nyingi hulimaliza haraka mno: litiwe kiraka, au litupwe linunuliwe jipya? Nashikilia kwamba maadamu bado linafaa kuswalia, kulitengeneza ni wajibu wa dini, wala si ubahili.

Aliyetoa zulia kwa wakfu amelitoa katika miliki yake bila kulitia katika yetu. Kamati ni msimamizi tu. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yamelisema jambo hili waziwazi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza katika Minhaj kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu kuuzwa kwa mikeka ya msikiti iliyochakaa na boriti zilizovunjika, pale zinapokuwa hazifai tena ila kuchomwa moto. Tazama mpaka ulivyowekwa mbali! Kuchukiza macho hakutoshi, wala mkato wa mita moja. Ni kweli, wanazuoni hutofautisha kitu cha wakfu na kile ambacho msikiti umekinunua kwa fedha zake, na hiki cha pili msimamizi anaweza kukiuza akiona maslahi. Lakini maslahi huthibitishwa, hayakisiwi. Na mtoaji akiwa ameshafariki, uzito unazidi: sadaka yake inaendelea kwa kuwa watu wanaendelea kusujudu juu yake, naye hana nafasi ya kutoa nyingine.

Wapo watakaosema nyumba ya Mungu inastahili kilicho bora, na Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inatuamuru tujipambe kila tuendapo kuswali. Hoja hii ina nguvu na siipuuzi. Ila aya hiyohiyo inamalizia kwa kukataza israfu, na pambo inalolitaja ni la anayeswali. Msikiti wa Mtume mjini Madina uliezekwa kwa makuti. Abu Said al-Khudri anasimulia kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja, na asubuhi Mtume akaonekana na tope kwenye paji la uso. Bibi Aisha naye amepokewa akieleza kwamba Mtume alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Aibu ya kiraka basi tumeitoa wapi?

Kutengeneza nako kuna adabu yake. Zulia likaushwe pande zote mbili, na sponji iliyooza itolewe, maana harufu ya ukungu inawaudhi wanaoswali, na aliyekula kitunguu saumu kibichi alizuiwa msikitini kwa sababu ya namna hiyo. Kipande cha kuzibia kikatwe pasipoonekana, kwa mfano chini ya mimbari, nyuzi zake zilale upande mmoja na za zulia, na kingo zishonwe kabla ya gundi ili zisifumuke. La muhimu kuliko yote ni mstari wa safu: kiraka kikiupindisha hata vidole viwili, watu watasimama kombo, na kunyoosha safu ni katika kuitimiza swala. Ikiwa ukungu umekula mpaka kwenye mgongo wa zulia, hapo limefika kwenye mpaka wa Nawawi na liondolewe bila majuto. Kwa vyovyote, fundi wa bati atangulie fundi wa zulia. Anayekuja na fedha za zulia jipya aelezwe hali ilivyo, na akiridhia ziende kwenye mabati na misumari. Asiporidhia nia yake iheshimiwe, na aombwe zulia lake liende kwenye msikiti wa kijijini Itilima au Meatu ambako watu wangali wanaswali juu ya mikeka.