Bembea na Msikiti: Kipi Kitangulie Kufunguliwa Wakati wa Maradhi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.



Katika darsa letu hapa Pumwani limeletwa suala ambalo watu wanalijadili tangu mwaka 2020, na mpaka leo hawajaafikiana. Suala lenyewe ni hili: yakitufikia tena maradhi ya kuenea, kama yalivyotufikia yale ya korona, je, viwanja vya bembea na pumbao la watoto vifunguliwe maradhi yangali yapo, au vibaki vimefungwa? Wako wasemao kuwa ajali ni ya Mwenyezi Mungu, na mtoto asinyimwe furaha yake ya Idi kwa kuogopa kitu kisichoonekana. Na wako wasemao kuwa bembea ni upuuzi tangu hapo, basi zifungwe wala zisifunguliwe kabisa. Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yameshika upande mmoja wa kamba na kuuacha wa pili, na yatupasa kulieleza jambo hili kwa utulivu sasa, kabla halijatufika tena.

Kwanza na tukumbuke yaliyopita, maana mwanadamu ni msahaulifu. Tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Kenya. Siku mbili baadaye zikaamriwa shule zifungwe, na tarehe 22 ya mwezi huo huo mikusanyiko ya misikitini na makanisani ikasimamishwa. Tarehe 27 tukaingia katika amri ya kutotoka nje usiku. Kisha tarehe 6 Mei, tukiwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, Eastleigh hapa Nairobi na Mji wa Kale kule Mombasa zikafungiwa mipaka yake siku moja, asiingie mtu wala asitoke. Basi mtu wa pwani na mtu wa mitaa hii ya Eastlands walionja chungu ya chungu kimoja. Idi ikatukuta tumo ndani. Sala yake ikasaliwa majumbani, na watoto waliozoea kupelekwa Uhuru Park, au kule Mombasa kiwanja cha Makadara, waliiona Idi yao kutoka dirishani.

Tarehe 6 Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kuwa nyumba za ibada zaweza kufunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita miaka 58, na madrasa zibaki zimefungwa. Yazingatieni masharti haya, kwani ndani yake mna jawabu la nusu ya suala letu. Mtoto wa miaka kumi hakuruhusiwa kusimama katika safu ya Ijumaa, hali amenyamaza, na baina yake na mwenziwe mna nafasi. Basi ni akili gani itakayomtoa mtoto huyo huyo katika safu na kumpakia katika bembea moja na wenziwe ishirini, bega kwa bega, wote wapiga kelele? Ikiwa faradhi ilipunguzwa kwa ajili ya kuhifadhi roho za watu, pumbao halina hoja ya kutangulia faradhi.

Wala suala hili halikuwa letu peke yetu. Kule Marekani kampuni ya Disney ilianza kuvifungua viwanja vyake vya Florida tarehe 11 Julai 2020, na vile vya California, vilivyo chini ya jimbo jingine, havikufunguliwa mpaka tarehe 30 Aprili 2021. Kampuni ni moja na maradhi ni yale yale, lakini hukumu zilikuwa mbili. Hong Kong kiwanja kilifunguliwa katikati ya Juni 2020, na mwezi haujatimia kikafungwa tena, kwa sababu maradhi yalirejea. Na Japani wenye viwanja waliwaomba wateja wao wapande bembea bila ya kupiga mayowe, kwani maradhi haya husafiri katika pumzi, na mayowe huitoa pumzi kwa nguvu. Lakini amjuaye mtoto ajua kuwa ukelele ni nusu ya bembea.

Sasa tuje katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa tukisikia tauni katika nchi tusiingie, na ikitokea katika nchi tuliyomo tusitoke kwa kuikimbia. Kadhalika amekataza wanyama wagonjwa wasipelekwe penye wanyama wazima. Na Amiri wa Waumini Umar bin Al-Khattab (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurejea na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Maana ya jawabu lake ni kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu vile vile. Basi asemaye leo kuwa kujihadhari ni upungufu wa imani, na atuambie imani yake yeye ina uzito gani mbele ya imani ya Umar.

Na ukitaka dalili katika mambo yaliyotokea, mtazame Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa Hadithi wa Misri, aliyefariki mwaka 852 Hijria. Yeye alitunga kitabu kizima juu ya tauni, na tauni yenyewe ilimchukulia mabinti zake watatu. Ameeleza kuwa mwaka 833 Hijria, yaani 1430 Miladia, tauni ilipoingia Kairo wafu walikuwa hawajafika arubaini kwa siku. Watu wakafunga siku tatu, kisha wakatoka kwa pamoja kwenda jangwani kuomba dua, wakarejea majumbani. Mwezi ule haukwisha ila wafu walikuwa wamepita elfu moja kwa siku. Ndugu zangu, wale walikusanyika kwa saumu na dua, na mkusanyiko haukuwasalimisha. Je, atasalimika aliyekusanyika kwa mchezo?

Hilo ni jawabu kwa kundi la kwanza. Ama kundi la pili, lisemalo kuwa bembea ni upuuzi, nalo tutalijibu. Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao siku ya Idi ndani ya msikiti wake, akasimama na Bibi Aisha (r.a.) amtazamie mpaka mwenyewe akatosheka. Basi furaha ya halali siku ya Idi ina asili katika dini, na mtoto ana haki yake ndani ya furaha hiyo. Kisha tazameni hali ya mitaa yetu. Katika Majengo na mitaa mingine ya Eastlands wako wengi wakaao katika chumba kimoja baba, mama na watoto, na pengine bibi mzaa baba. Chumba hicho ndicho jiko, ndicho malazi, ndicho madrasa. Mwenye nyumba yenye ua na bustani humwia wepesi kusema, "Watoto na wakae ndani," lakini neno hilo si jepesi kwa aliyekaa ndani ya chumba cha hatua nne kwa muda wa miezi. Kumfungia mtoto ni madhara, na sharia haiondoi madhara kwa kuleta madhara mengine yaliyo sawa nayo.

Kwa hiyo yatupasa kupambanua. Wanavyuoni wetu wa usuli wamezigawa haja za watu katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambazo mtu hawezi kuishi bila yazo, kama chakula na dawa. Ya pili ni mahitaji, ambayo yakikosekana watu hupata dhiki, ingawa hawafi. Na ya tatu ni mapambo ya maisha. Mtoto kupata hewa, jua na mahali pa kukimbia ni katika daraja ya pili. Kupanda bembea ya kulipia, au kuingia katika jumba la mpira lililojazwa upepo pamoja na watoto wa mitaa mitano, ni katika daraja ya tatu. Basi uwanja ulio wazi, mtoto akicheza na ndugu zake waliolala naye chumba kimoja, haifai kuufunga kwa sababu ile ile ya kufungia bembea, maana pumzi katika uwanja wazi hutawanyika, na hatari yake ni ndogo kuliko ya chumbani. Aliyeufunga uwanja pamoja na bembea amezidisha, na aliyeifungua bembea pamoja na uwanja amepunguza.

Na kanuni nyingine ya wanavyuoni ni kuwa hukumu huzunguka pamoja na sababu yake: ikiwapo sababu, hukumu huwapo, na ikiondoka, huondoka. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula kilichochafuka. Basi kikiingia mtaani, la kwanza kutazamwa ni mfereji, choo na sinia la muuzaji, wala kuizuia bembea peke yake hakutatuponya. Mpox, ambayo mgonjwa wake wa kwanza Kenya alitangazwa mwishoni mwa Julai 2024, huambukiza zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi; basi jumba la kurukia lina hukumu moja na uwanja wa kukimbia una hukumu nyingine. Kwa hiyo asitokee mtu akasema, "Mwaka 2020 tulifunga, basi kila maradhi tufunge." Waulizwe kwanza matabibu namna maradhi yanavyosafiri, kisha wanavyuoni watoe hukumu juu ya hayo. Mwenyezi Mungu ametuamuru tuwaulize wenye kujua, na katika jambo la mwili mwenye kujua ni tabibu.

Limebakia jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote, ingawa wengi hulipita mbio. Tunaposema bembea ifungwe, yuko mtu aizungushaye. Yuko auzaye mabuyu, njugu na barafu pembeni mwake. Hao hawana mshahara wa mwezi. Wasipozungusha leo, hawali leo. Mwaka 2020 tulisikia wengi mitaani wakisema kuwa njaa itawaua kabla ya korona, na neno lao halikuwa la ukafiri wala la ujeuri, lilikuwa la tumbo. Kumwambia mtu kama huyo, "Funga, uokoe roho za watu," kisha ukaenda zako nyumbani kwa futari iliyotandikwa, ni kumtwika yeye peke yake mzigo wa mji mzima.

Twasema wazi: anayetaka mlango wa riziki ya mwenziwe ufungwe kwa maslaha ya wote, na aufungue mlango wa mfuko wake. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Qur'ani, na miongoni mwao ni mafakiri, maskini na wenye madeni. Mwenye bembea aliyefungiwa kazi, akala akiba yake, kisha akakopa kodi ya chumba, ameingia katika mafungu hayo mbele ya macho yetu. Wakati ule walijitokeza watu wa kheri wakagawa unga, mchele na mafuta, Mwenyezi Mungu awalipe. Walakini sadaka ya siku moja haitoshi. Kila msikiti wa mtaa wapaswa uwe na daftari la wale ambao riziki zao hukatika kwanza maradhi yanapoingia, na uwe na akiba iliyowekwa kabla ya siku hiyo kufika. Bila ya hivyo amri ya kufunga itavunjwa usiku, na haki itakuwa upande wa mvunjaji. Na wenye mamlaka nao wakumbuke kuwa amri ya kuokoa roho haisimamishwi kwa rungu. Wako watu wa mitaa hii waliopigwa, na wako waliokufa, katika kusimamishwa amri iliyowekwa ili wasife.

Basi jawabu letu kwa mukhtasari ni hili. Maradhi ya pumzi yanapokuwa yanaenea, bembea za kulipia na majumba ya pumbao yasifunguliwe kabla ya madrasa, shule na misikiti, wala maadamu wazee wetu wangali wanazuiwa kusali pamoja nasi. Viwanja vilivyo wazi visifungwe, bali vitumiwe kwa zamu na kwa nafasi. Maradhi yakipungua kwa ushahidi wa matabibu, pumbao la halali lirejee kidogo kidogo, na hapo hapana mwenye haki ya kulizuia kwa kuwa yeye halipendi. Na muda wote huo, waliofungiwa kazi walishwe na waliowafungia.

Hesabu ya serikali yasema kuwa watu zaidi ya 5,600 walikufa kwa korona hapa Kenya. Wengi wao walikuwa wazee, na hatujui ni wangapi walioletewa maradhi na mtoto wampendaye, aliyerejea kutoka matembezini akakimbilia mapajani mwao. Mtoto hana dhambi. Kalamu imeondolewa juu yake. Atakayeulizwa ni yule aliyemshika mkono akampeleka, na yule aliyefungua lango akapokea nauli, na yule tajiri aliyeweza kuwatosheleza wote wawili asifanye.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya watoto wetu na wazee wetu, na atupe akili ya kuweka kila jambo mahali pake. Wallahu aalam, wa billahi tawfik.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.