Joto Lisilochoma

Waswahili tunaoishi Uingereza tuna mazoea fulani tukiingia nyumba ya mtu wakati wa baridi. Kabla hata ya kuvua koti, tunakwenda kuweka viganja juu ya hita ya ukutani. Ikichoma, tunasema hapa pana moto. Ikiwa vuguvugu, tunamwonea mwenyeji huruma, tukidhani bili zimemshinda.

Siku hizi nami ni wa kuonewa huruma. Boila yetu ya gesi ilipozeeka, tuliing'oa tukaweka pampu ya joto, na tangu hapo hita zetu hazimchomi mtu. Shemeji yangu alipotutembelea alipapasa hita ya sebuleni, akapapasa ya ukumbini, akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Shemeji, mbona mnalala baridi?" Aliuliza hayo akiwa na shati la mikono mifupi, koti na sweta amevitundika zamani. Kipimo cha ukutani kilikuwa kinasoma nyuzi 20.

Tumezoea kupima joto kwa kuungua. Boila ya gesi husukuma maji ya nyuzi 60 au 70 kwenye hita. Inawashwa asubuhi, inazimwa, nyumba inapoa, kisha inawashwa tena jioni watu wakirudi kutoka kazini. Pampu hupitisha maji ya nyuzi 35 hadi 50 hivi, ila hayo hayana mapumziko. Yanapita mchana, yanapita usiku, na kuta zenyewe zinaishia kushika joto.

Mtambo huu hauchomi kitu. Kazi yake ni kuhamisha joto, kama friji inavyolitoa kwenye chakula na kulimwaga nyuma yake. Mingi ya kisasa hutumia propani, gesi inayopatikana pia kwenye mitungi ya kupikia, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo hewa ya nje ya nyuzi 2, inayotutetemesha sisi, kwa propani ni jiko. Ikishachemka, kompresa huibana, joto lake hupanda, hulikabidhi kwa maji ya nyumbani, kisha safari inaanza upya. Kiyoyozi cha Dar es Salaam au Mombasa ni ndugu yake wa tumbo moja, ila chenyewe huliondoa joto chumbani na kulitupa nje. Umeme unalipia uchukuzi tu, ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta kama uniti tatu za joto.

Ina vituko vyake. Asubuhi za baridi yenye unyevu mashine ya nje huota barafu kwenye mapezi yake. Hapo hugeuza mzunguko, huazima joto kidogo kutoka ndani, huyeyusha barafu na kutoa wingu jeupe la mvuke. Jirani yetu alikuja kugonga mlango, simu mkononi, tayari kuwaita zimamoto.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Ukumbi wa jiji la Zurich, Uswisi, ulipashwa joto kwa pampu iliyochota joto la mto tangu 1938. Mjini Norwich, hapa Uingereza, mhandisi John Sumner alifanya hivyo kwa joto la mto Wensum mwaka 1945, vita ndiyo kwanza vinaisha. Lakini makaa ya mawe yalikuwa rahisi na moto wake unaonekana kwa macho, nchi ikaendelea kuchoma. Leo wanaoongoza Ulaya kwa pampu hizi ni Norwe, Uswidi na Ufini, wanaoijua baridi kuliko sisi.

Sitaki kumhadaa mtu. Serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa England na Wales, lakini anayepanga hana la kufanya bila ridhaa ya mwenye nyumba. Tena, kwa miaka ya karibuni, uniti ya umeme imekuwa ikikaribia bei ya uniti nne za gesi, hivyo akiba haiji yenyewe. Fundi aliyekuja kwetu hakuanza na mashine. Alipanda darini, akapima madirisha, akapitisha mkono chini ya milango kutafuta upepo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye kazi hii utalipa bili ya ukuta huo kila mwezi.

Swali la shemeji halikuniudhi, ila limenifanya nitazame namna tunavyopeana joto sisi kwa sisi. Ndugu anayetua na masanduku, akachangia harusi kwa kishindo hadi mshereheshaji akatamka jina lake mara mbili, huyo tunasema ana moyo. Binamu anayemtumia shangazi hela ya dawa kila mwisho wa mwezi, kidogokidogo, bila kukosa, hatumtaji. Tukimpapasa hachomi. Hata shangazi mwenyewe huenda akamsifu zaidi yule wa masanduku, kwa sababu hela ya dawa imeshakuwa kama maji ya bomba: huizungumzii mpaka ikatike.

Siwadharau wenye kishindo. Ipo siku ya msiba, ipo siku ya upasuaji wa ghafla, na siku hiyo unahitaji mtu wa kuwasha moto mkubwa papo hapo. Hilo pampu haliwezi. Ukiiacha nyumba ikapoa kabisa, itakuchukua muda mrefu kuirudisha, na utatamani boila yako ya zamani.

Joto lisilochoma lina sharti lake: lianze kabla ya baridi. Hata kwa watu ni hivyo. Mzee anayepigiwa simu kila Ijumaa, hata kama mazungumzo ni ya mvua na bei ya sukari, akiugua kuna mtu atakayeisikia sauti yake imebadilika. Mtu huyo atakuwa amekwishatafuta daktari wakati sisi wengine bado tunaunda kundi la WhatsApp na kuchagua mweka hazina.